Tunda Ambalo Sikujua Ladha Yake

Wapendwa, asanteni kwa kunipa nafasi ya kusimama mbele yenu. Mzee wa kanisa naomba asiangalie saa, kwa sababu leo nitasema yote. Wengi wenu mnanijua kwa cherehani yangu pale sokoni Koboko. Sare za watoto wenu zimepita mikononi mwangu, na zile zilizochanika mapema si kosa langu, ni watoto wenu. Lakini wachache mnajua kwamba mwaka jana nilikaribia kuiuza hiyo cherehani, maana macho yalikuwa yananiacha.

Mimi ni mtoto wa Pajulu, kule upande wa Arua. Niliolewa hapa Koboko, mume wangu akafariki, na tangu hapo cherehani ndiyo inayolisha nyumba yangu. Nilipoambiwa kwenye kituo cha afya kwamba nina ugonjwa wa sukari, sikulia. Nilimwambia nesi, "Niambie la kufanya, mimi nitafanya." Nikaanza vidonge, nikaacha sukari kwenye chai siku hiyo hiyo. Ndugu zangu, nawaambia, chai kavu bila sukari ni adhabu, lakini niliinywa hivyo hivyo na uso umekunjamana.

Nina mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, anayepika kwenye nyumba moja ya wageni kule Arua. Kulikuwa na wageni kutoka mbali waliokuwa wakila matunda madogo ya bluu, yaliyogandishwa, yanaitwa bluberi. Akawasikia wakisema kwamba matunda hayo ni mazuri kwa mtu mwenye sukari. Wageni walipoondoka, mifuko ikabaki kwenye friza, na bosi wake akamruhusu achukue baadhi. Akaifunga na barafu ndani ya boksi, akapanda gari la Koboko, akaniletea mbio kama mtu aliyebeba chanjo.

"Mama mdogo," akaniambia, "hii iko dawa. Kula asubuhi, kula jioni, usiwape watu."

Jirani yangu, mama wa kutoka Kongo anayeuza maji baridi, akanipa nafasi katika friza yake. Kila asubuhi nikachota bakuli, kila jioni bakuli. Jamani, zilikuwa tamu! Na chini ya bakuli kulibaki maji mazito ya zambarau. Hayo niliyanywa mpaka tone la mwisho, nikiamini nguvu yote iko hapo, kama mchuzi wa kuku.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea, na ni mtu wa kwetu tu angepotea hivi. Ukiniletea embe ulilolitia sukari, nitakuambia kabla sijameza. Mapera nayajua, nanasi nalijua, ukwaju najua jinsi unavyokunja ulimi. Lakini bluberi, nani hapa amewahi kuichuma kwenye mti wake? Hata mti wenyewe sijauona. Ilipokuja tamu, nikasema basi, Mungu ameiumba hivyo. Nikamshukuru kabisa, kwa sauti.

Macho yakazidi kuwa na ukungu. Kiu hainiishi, na chooni naenda kila mara, mpaka wateja wakawa wanauliza kama kuna harusi huko nyuma. Siku moja nilimshonea mama mmoja nguo ya kwenda kwenye harusi. Akaivaa, akageuka, akanitazama. "Mama, hii mkono iko nyuma." Nilikuwa nimeshona mikono yote miwili kinyume. Msicheke, ninyi wa benchi la mwisho. Mimi nilicheka mbele yake, alipotoka nikalia.

Nikarudi kwa nesi. Akanichoma kidole, akatazama kipimo, akanitazama mimi.

"Mama, sukari yako iko juu kupita siku ya kwanza. Kuna kitu inaingia."

"Hakuna kitu. Nakula matunda tu."

Akatikisa kichwa, akaandika kwenye daftari. Niliona ananidhania mwongo, nikatoka pale na hasira. Lakini hasira ile ilinisaidia. Nikasema, mimi sijalamba hata kijiko cha sukari, kwa hiyo kama kuna mwizi anaingia mwilini mwangu, nitamtafuta mpaka nimkamate.

Wiki ile umeme ukakatika, kama mnavyoujua umeme wetu. Jirani akaniita. "Mama, kuja uone!" Mfuko wangu ulikuwa umeyeyuka, umevuja, na sisimizi wamepanga mstari kutoka ukutani mpaka ndani ya friza. Akashika kiuno. "Hii matunda yako, mutu ameiweka nini ndani? Miye sijaona sisimizi wanakimbilia hata embe namna hii."

Nilisimama pale nikiwatazama wale wadudu, nikasema moyoni: huenda mwizi wangu ndiye huyu.

Kesho yake nikaenda Arua. Nikaingia jikoni kwa mpwa wangu, nikamwambia, "Nionyeshe bluberi zote mlizonazo." Akafungua friza. Kulikuwa na mfuko kama wangu, na mwingine tofauti kidogo. Nikamwomba punje moja kutoka kwenye huo mwingine. Nikaitia mdomoni.

Ndugu zangu, ilikuwa chachu! Utamu upo, lakini kidogo, kwa mbali, na uchachu unafuata nyuma yake. Lilikuwa tunda, kama matunda mengine ya Mungu.

Nikamuuliza, "Na ile uliyoniletea?"

Akasema taratibu, "Ile iko ya keki, Mama mdogo. Inakuja imechanganywa na sukari tayari." Nikamwona anaelewa mwenyewe yale aliyoyasema, akakaa chini kwenye gunia la viazi na kuanza kulia. "Mimi nilifikiri matunda ni matunda."

Nikamkumbatia. Ningemlaumu vipi? Alinipenda kwa kitu alichokuwa nacho.

Nesi alipoisikia habari hii, aliniomba radhi kwanza, halafu akanieleza. Akasema tunda lenyewe halina ubaya: lina vitamini, lina nyuzinyuzi, na likiwa halijatiwa kitu, hata mimi naweza kula kiasi kidogo pamoja na chakula. Lakini likilowekwa kwenye sukari, mwili wangu hauulizi kama sukari hiyo ilikuja na tunda au ilikuja na chupa ya soda. Akasema nisisumbuke kutafuta bluberi, mapera yetu yanatosha, nayo nile kwa kiasi.

Mnafikiri vita viliishia hapo? Vita vyenyewe vilikuwa nyumbani. Mnajua desturi yetu: mgonjwa anatembelewa na soda, inafunguliwa mbele yake, naye anaimaliza huku mgeni anatazama. Wifi yangu alikuja kutoka Ludara kwenye jua kali, akafungua ya machungwa, akaninyooshea.

"Wifi, asante, lakini sitakunywa."

"Unakataa mkono yangu?"

"Mkono yako nakubali. Sukari ndiyo nakataa."

Akaiweka mezani, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga. Iliniuma sana, maana huyu ndiye aliyekaa nami siku za msiba. Lakini sikuigusa ile soda. Baada ya siku kadhaa nikamwona anaingia tena, amebeba fungu la osubi, yale majani ya kunde, na simsim ya kusaga. Akasema, "Hii utakataa pia?" Tukapika pamoja, tukala sahani moja.

Macho yamerudi polepole. Si yote, miwani hii siivai kwa urembo. Lakini nimeenda kliniki kila nilipoitwa, vidonge sijaruka, na mikono ya nguo sasa inakaa mbele. Namshukuru Mungu. Namshukuru nesi aliyekubali kuniamini, jirani yangu wa Kongo, wifi yangu, na yule binti, ambaye siku hizi anauliza kila kitu jikoni mpaka bosi wake amechoka naye. Nanyi nawaomba jambo hilo hilo. Mkipewa kitu msichokijua kwamba ni dawa, ulizeni kimetiwa nini, hata kama aliyewapa anawapenda. Hasa kama anawapenda.

Na kesho tunakwenda Arua kumwona dada yetu wa kanisani aliyelazwa. Ana sukari kama mimi. Nimeona kreti ya soda pale chini ya meza, mmeshamnunulia. Mimi nitabeba mayai na majani. Hizo soda haziendi hospitali. Zifungueni leo, hapa, ninyi wazima, mzimalize zote kabla hatujatawanyika. Mimi nipeni maji tu.