Bibi Teodosia, Mtunza Vyombo vya Watu

Jumatatu, tarehe 9 Machi 1953, saa kumi na moja alfajiri, bibi yetu Teodosia Kornel alizaliwa Chinongwe, wilayani Ruangwa, na saa hiyo tunaijua kwa hakika kwa kuwa baba yake, fundi seremala, aliiandika kwa penseli nyuma ya mlango. Mimi ni Happy, mjukuu wake, nasoma wasifu huu kwa niaba ya familia.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Chinongwe mwaka 1961, akahitimu darasa la saba mwaka 1967, kisha akajifunza ushonaji na mapishi kwa masista kwa miaka miwili. Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa hapa Nachingwea kutunza ile nyumba kongwe ya wageni, na ilipofanywa makumbusho mwaka 2004 alibaki kuwa mtunzaji wake, akifuta vumbi kwenye kabati la mninga, taa za chemli, cherehani ya mkono, sahani za maua na saa ya ukutani, ambayo wanafunzi walipomuuliza kwa nini haitembei, aliwajibu kwamba yenyewe imestaafu, ila yeye bado.

Alifunga ndoa na Babu Modest Ivan Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1974, wakajaliwa watoto wanne, wajukuu tisa na kitukuu mmoja, na Babu alitangulia mwaka 2009.

Vyombo vingi vya nyumba ile vililetwa na familia za huku na za Ruangwa, na Bibi alikuwa na makubaliano nao, ambayo hayakuandikwa popote, kwamba chombo kitakaa kabatini, lakini ukitokea msiba wenyewe watakichukua, na kukirudisha baada ya arobaini.

Julai mwaka huu alianza kuvimba miguu, akagundulika kuwa na tatizo la figo, akalazwa, nami niliyesomea mambo ya kale chuo kikuu nikaachiwa funguo, nikaorodhesha vyombo vyote mia moja na kumi na tatu, kila kimoja kwa namba na vipimo vyake. Jumatatu, tarehe 8 Septemba, alikuja Mama Mwanawetu wa Mbekenyera, amefiwa na baba yake, Mzee Abdala, akaomba birika la shaba la kwao, ambalo wazee wao wote wameoshwa kwa maji yake, nikamjibu kwamba namba 41 haiwezi kutoka bila barua, na Mzee Abdala akaoshwa kwa jagi la plastiki. Bibi alipopata habari hakunigombeza, alinitazama tu pale kitandani, akasema, “Chombo umekiandika vizuri, mjukuu wangu. Wenyewe hukuwaandika.”

Alifariki juzi, Jumanne, tarehe 21 Oktoba 2025, saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiwa na miaka 72, miezi saba na siku kumi na mbili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa makumbusho, jumuiya yetu, na majirani, Wakristo na Waislamu, mliopika na kulala nasi.

Limebaki moja, na Mama Mwanawetu mwenyewe ameniruhusu kulisema. Jana asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilifungua kabati, nikapanda bodaboda hadi Mbekenyera, nikapiga magoti mbele ya Mama Mwanawetu, nikamkabidhi birika lao na kumwomba radhi, yeye na marehemu baba yake. Aliuliza kama Bibi ameshaoshwa, nikasema bado, akaingia ndani, akatoka amejifunga khanga, akapanda nyuma yangu kwenye bodaboda ile ile, birika amelipakata.

Upumzike salama, Bibi.