Kobe wa Irmgard na Kona Yenye Joto

Kioski cha Nurcan kiko kwenye kona ya nyumba za matofali mekundu walizojengewa wachimba makaa ya mawe, enzi zile Herne, mji huu wa Ujerumani, ilipokuwa na vumbi jeusi kuliko kahawa yake. Machimbo yamefungwa, vumbi limekwenda zake, wachimbaji wamebaki. Limebaki pia benchi la mbao chini ya dirisha la kioski, na kila Jumamosi asubuhi hukaliwa na makalio yaleyale. Kuna Volti, aliyekuwa fundi umeme wa machimbo, ambaye mpaka leo hapiti karibu na soketi bila kuikosoa. Kuna Njiwa, jina lake la ubatizo Alfons, mfuga njiwa na mharibifu wa methali. Na kuna Ewald Piontek, ambaye hakuwahi kupewa jina la utani kwa sababu haongei vya kutosha kulistahili. Jumamosi hii ya Aprili, mbingu ikiwa imeshuka chini kama blanketi bichi, Ewald alikuja na tatizo. Kwa kuwa si mtu wa kuja na matatizo, wenzake walisogea wakampisha akae katikati.

— Trude hali, alisema.

Trude ni kobe. Alikuwa wa mkewe, Irmgard, tangu Irmgard akiwa msichana wa shule. Irmgard alifariki Desemba, taa za Krismasi zikiwa ndiyo kwanza zinatundikwa mtaani, akamwachia Ewald nyumba, aproni msumarini, na kobe.

— Hali tangu lini? aliuliza Nurcan kutoka dirishani, huku akimimina kahawa.

— Tangu aamke usingizi wake wa majira ya baridi. Daktari wa wanyama kasema kobe asipopata joto, tumbo halisagi kitu. Kanipa mpaka Jumatatu. Baada ya hapo, kasema, nisitegemee sana.

Volti akakohoa, akakimbilia penye usalama wake, yaani umeme.

— Kile kibanda nilichokwambia, umekijenga?

— Nimekijenga. Mbao pande nne, ndani bodi za povu, juu kifuniko cha plastiki ngumu ya kupitisha jua. Nimekiegemeza kwenye ukuta wa nyumba, upande wa bustani. Taa ya joto iko kushoto, pamoja na kidude chako cha kuizima joto likizidi.

— Wati ngapi?

— Mia.

— Na chini ya taa?

— Nyuzi thelathini na tano.

— Bwana wee, hiyo si ni ufukwe wa Majorca! Anataka nini tena, mwavuli na soda baridi?

— Haitaki taa. Nikimweka chini yake anageuka, anajikokota mpaka kona ya kulia, ile ya gizani, chini ya dirisha la chumba cha chini ya nyumba. Analala hapo, uso ukutani. Nikimrudisha, anarudi kulekule.

— Anaona haya, alitamka Njiwa. Ndiyo maana wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Hiyo inahusiana nini na kobe, Alfons?

— Kobe anabeba nyumba mgongoni, lakini nguo hana. Hebu fikiria hilo.

— Nimefikiria, na sasa kichwa kinaniuma, alisema Volti. Ewald, nisikilize mimi, achana na huyu. Kibanda kinavuja joto.

— Likivuja livuje, Njiwa akadakia. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.

— Mchukuzi gani? Bili ya umeme nalipa mimi! alisema Ewald, na benchi likacheka, kwani ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumsikia akipandisha sauti.

Yeye hakucheka. Alizungusha kikombe kiganjani.

— Si hilo linalonisumbua. Ile kona... ina joto.

— Joto la taa?

— Jana niliizima taa makusudi, nikasubiri mpaka kibanda kizima kikapoa. Nikaweka kiganja kila mahali. Udongo ulikuwa baridi kama pua ya mbwa. Kona ile peke yake ina joto. Si la moto. Ni kama kitanda ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Tramu ilipita mbali. Nurcan aliacha kumimina.

— Bomba, alisema Volti.

— Ukuta ule hauna bomba. Mabomba tuliyafunga pamoja, wewe na mimi.

— Basi friji! Friji hutoa joto mgongoni. Ile ya Trude si iko nyuma ya dirisha hilohilo?

— Iko. Lakini niliichomoa siku niliyomtoa. Nikaviringisha waya, nikauweka juu yake.

Benchi lile halikushangazwa na kobe kulala kwenye friji. Baridi za siku hizi hazieleweki, leo barafu, kesho jua, na kobe akizinduka katikati ya usingizi hujimaliza nguvu. Kwa hiyo kila Novemba Irmgard alimlaza Trude kwenye boksi la udongo na majani makavu, akamfungia ndani ya friji kuukuu ya chumba cha chini, nyuzi tano, mpaka miti ichipue.

— Masikini Irmgard, alisema Nurcan. Kila Jumamosi anachukua mikate yake minne, ananiambia, "Nakimbia kumpepea Trude." Mwaka mzima nilidhani anampepea na gazeti! Kumbe anaufungua tu mlango wa friji hewa iingie, ananyunyiza maji kidogo, anaufunga. Alisema mpira wa ule mlango unabana kama mkono wa mjomba wake kwenye pochi.

Walitabasamu wote. Kisha Njiwa akainamisha kichwa.

— Kobe ana dira kichwani, kama njiwa. Mimi niliwahi kumuuza njiwa mmoja, dume la kijivu, kwa mtu wa Ubelgiji. Akarudi baada ya miaka, banda lake nimeshalibomoa. Akawa anazunguka hewani, mahali mlango ulipokuwa. Palepale, bwana. Anajaribu kutua.

— Ukamfanyaje?

— Niliingia ndani. Sikuweza kumtazama.

— Dira haipashi udongo moto, alisema Volti, lakini sauti yake ilikuwa imepungua wati. Mimi nasema ni makaa. Chini yetu mwamba umeshika moto, unaungua polepole, na joto linapanda.

— Moto wenye ukubwa wa kobe mmoja? aliuliza Nurcan.

— Au ni watu, alisema Njiwa. Machimbo yalipofungwa walipandisha mashine, wakapandisha hata viti. Wale waliofukiwa zamu ya babu yangu, nani alishuka kuwaambia kwamba zamu imekwisha? Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Hii ilikuwa methali yake ya kwanza kukaa mahali pake, na labda ndiyo maana hakuna aliyecheka.

Pembeni ya dirisha alikuwa amesimama mama mmoja mwenye koti la mvua la njano, mgeni aliyehamia juu ya duka la dawa wiki ile. Alikuwa akingoja kahawa, na masikio hayana kifuniko.

— Samahani, wazee wangu, nadandia mazungumzo yenu. Mimi Terhorst. Mama yangu naye alifuga kobe. Baba, ulimtoa lini kwenye friji?

— Mwisho wa Machi, dada, alisema Ewald.

— Na mama Irmgard alifariki lini?

— Desemba, mwanzoni. Tangu hapo sikushuka kule chini. Aproni yake imetundikwa pale. Machi ndipo nikajikaza, nikashuka na boksi la viatu nikamzike Trude, maana nilijua nakwenda kukuta maiti. Nikafungua. Akafumbua jicho. Majani yake bado yana unyevu.

— Unaishi na mtu?

— Peke yangu. Ufunguo wa chini ni mmoja, ninao mimi.

Aliutoa mfukoni, akauonyesha, kana kwamba kuna aliyembishia.

Mama Terhorst aliutazama ule ufunguo. Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia ya kwenda stesheni:

— Sasa, msimu wote huo, nani alikuwa anamfungulia mlango kila Jumamosi?

Nurcan aliinamisha chupa ya kahawa juu ya kikombe cha mgeni. Likadondoka tone moja, halafu hakuna.

— Kahawa imekwisha, alisema, kama vile hilo ndilo lililoulizwa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alinong'ona Njiwa, na hakuna aliyejua kama amekosea au amepatia.

Ewald alisimama.

— Nurcan, nifungie mikate.

— Miwili, kama siku zote?

— Minne.

Bustanini Trude alikuwa palepale, uso ukutani. Wiki nzima Ewald alikuwa akijaribu kumpeleka kobe kwenye taa. Sasa aliitoa taa kwenye ndoano ya kushoto, akaining'iniza kulia, juu ya ile kona. Akaweka majani ya mchunga mbele ya pua ya Trude. Alikuwa ameshika waya, hajachomeka bado, alipousikia mpira wa mlango ukiachia: sauti ndogo, kama busu la kuaga. Nyuma ya kioo chenye vumbi cha chumba cha chini ukawaka mwanga mdogo wa njano, ule wa ndani ya friji.

Ewald alivua kofia. Hakuinama kuchungulia. Kwa muda wa kumpepea kobe, mwanga ulikaa. Kisha mlango ukafungwa taratibu, kwa mkono wa mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Akachomeka taa. Akachukua mikate miwili, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, mahali penye joto. Alipogeuka, Trude alikuwa amenyoosha shingo na anatafuna.