Diski Nne, Watu Wanne, na Sauti ya Mama Yangu

Ndugu zangu katika Kristo, jina la Bwana litukuzwe! Litukuzwe hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi nchini Malawi, na litukuzwe kwa kila atakayeusoma ushuhuda huu mbali na hapa! Wengi mnanijua kama Mama Baraka wa chumba cha sauti, yule anayerekodi kwaya, mahubiri na misiba ya kanisa letu. Leo nasimama kwa sababu Bwana alinitoa mahali ambapo nilikuwa nimeacha hata kuomba. Nitasema mambo yalivyofuatana, bila kuongeza wala kupunguza.

Kwa wasioijua mashine yetu, ni sanduku jeusi lenye diski nne ndani. Limeungwa kwa waya na kompyuta zetu zote, na kila tunachorekodi huenda kuhifadhiwa humo. Wageni waliotuletea walitueleza kwamba diski moja ikifa, tatu zinazobaki zitashika nafasi yake na hakuna kitakachopotea. Ndugu zangu, sisi tuliopoteza picha za harusi, vyeti vya ubatizo na nyumba zenyewe, mnaelewa tulivyolipenda sanduku lile!

Mnaijua pia desturi iliyoota humu kambini. Mgonjwa akiona safari yake imekaribia na watoto wake wametawanyika, anaomba kinasa sauti na kuacha wasia. Wasia ulioachiwa mtoto wa kwanza hausikilizwi na mtu mwingine kabla yake. Hata mimi ninayebonyeza kitufe hutoka nje na kufunga mlango. Hatuunakili kwenye simu, maana simu moja humu ni ya mtaa mzima. Na hadi mtoto huyo ausikie, matanga hayafungwi.

Mama yangu alinitoa nje hivyo hivyo. Wasia wake ulikuwa wa kaka yangu mkubwa, Asukulu, ambaye kwa desturi ya kwetu namwita Yaya, yaani mkubwa wangu.

Tulipokimbia kutoka pande za Uvira, Kongo, Mama alitugawa. Mimi nilikwenda naye, na Yaya akamchukua Amani, mdogo wetu, wakapita njia nyingine. Mama alisema wakikamatwa wa njia moja, wa njia ya pili watapona. Sisi tulifika. Amani alikufa kwa homa mikononi mwa Yaya, njiani, na Yaya hakuthubutu kumtafuta Mama tena. Miaka ilipita tukiwa hatujui kama yu hai. Kisha sauti ya Yaya ikafika kwa simu ya jirani, pamoja na habari za Amani, na Mama, ambaye tayari alikuwa haamki kitandani, akasema, "Mwambie akuje." Yaya akaanza safari. Mama hakuweza kumngoja. Akaomba kinasa.

Yaya alifika tukiwa tumeshazika. Mtu mrefu, kimya, anayekaa karibu na mlango kila anapoingia. Hakuniuliza kaburi liko wapi. Aliniuliza, "Mama alisema nini juu ya Amani?"

Nikamjibu kweli, kwamba sikusikia. Nikamwambia wasia uko kwenye sanduku, na Jumamosi Papa Etienne, mzee wetu wa kanisa, atamwombea, kisha ataingia peke yake kuusikia.

Sasa, diski moja ilikuwa imekufa tayari. Taa yake ilikuwa nyekundu, nasi tulikuwa tukisubiri nyingine kutoka Lilongwe. Hatukuogopa kwa sababu tatu zilikuwa zikifanya kazi. Ijumaa umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Uliporudi mara ya mwisho, diski ya pili ilikuwa inalia kama mtu anayekwaruza sufuria kwa kijiko. Sanduku likawaka, likazima. Kwenye kompyuta hapakuwa na folda hata moja. Kwaya hazipo. Misiba haipo. Mama hayupo.

Watu walijaa chumbani. Mama Riziki, muuza nyanya wetu mwenye imani ya kuhamisha milima, alikuja na chupa ya mafuta ya upako akiwa ameshaifungua. Nikamshika mkono.

"Mama Riziki, ile ni ya kipaji cha uso. Mashine haina uso."

"We ngoja tu," akanijibu. "Daktari yako ya mashine akishindwa, utanitafuta na hii chupa."

Watu wakacheka. Yaya hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na shati alilolipiga pasi kwa ajili ya Jumamosi. Akasema taratibu, "Usihangaike, dada. Mama amenifungia mlango." Akaondoka.

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma! Maana siku ile ile likatembea mtaani. Kisimani nikawasikia wanawake wakisema kwamba mashine haikuwahi kufa hadi mtoto yule alipokuja. Nilirudi nyumbani na ndoo tupu.

Kuna fundi mmoja wa Area 47, kule Lilongwe, Bwana Chisomo, aliyewahi kuokoa mafaili ya shule moja. Alitwambia kwa simu tusiwashe tena sanduku, tulilete kwake. Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo sidhani watu wengine wangelifanya. Papa Etienne alitazama sanduku lile kama anavyotazama mtoto mchanga wa kusafirishwa.

"Hatuwezi weka vyote mu gari moja," akasema. "Banaweza kutusimamisha njiani, banaweza kuiba. Diski ine, bantu bane, kila mutu na njia yake. Njo vile tulikimbiaka."

Na sisi sote tukaitika, "Amina!" Hakuna aliyepinga. Mimi ninayejua kompyuta kuliko wote pale, niliitika pia, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa kulinda kitu cha thamani. Tukazichomoa diski. Hatukuandika ipi ilikaa wapi. Papa Etienne akachukua ya kwanza, shemasi mmoja ya pili, mimi ya tatu, na Mama Riziki ya nne. Tukaagana kwa maombi kama watu wanaovuka mpaka.

Watatu tulifika. Bwana Chisomo alizipanga diski mezani. Kiswahili chake alikiokota Mbeya alikokuwa akinunua vipuri, lakini kinaeleweka vizuri.

"Sanduku liko wapi?"

"Tumeliacha nyumbani."

"Na diski ya nne?"

"Inakuja kwa njia nyingine."

Alivua miwani, akaniita mama kwa Kichewa chake. "Amayi, nani amewaambia mgawe?" Nilipomweleza, alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Akanifafanulia. Faili moja halikai kwenye diski moja. Limekatwa vipande vipande, na vipande vinagawiwa kwenye diski zote. Mwenye diski moja hana robo ya nyimbo zetu, hana hata wimbo mmoja. Ili kujenga upya, alihitaji tatu kati ya nne. Moja ilikufa zamani. Moja ilikuwa mgonjwa. Nzima zilikuwa mbili, na moja ya hizo mbili alikuwa nayo Mama Riziki.

"Asipofika huyo mama," akasema, "hata mimi nitakwenda kuwasaidia kuomba."

Mama Riziki hakufika. Simu yake ilikuwa imezimwa. Papa Etienne na shemasi walirudi kambini. Mimi nilibaki kwa dada mmoja wa kanisa, Area 25. Siku iliyofuata hakufika, na iliyofuata pia. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki dukani kwa Bwana Chisomo nikiangalia barabara. Nilimwona kila mwanamke mnene mwenye kitenge cha kijani kuwa yeye.

Nitawaambia nilichokuwa nacho moyoni, kwa sababu ushuhuda usio na ukweli ni kelele tu. Sikuwa nawaza kwaya. Nilimwona Mama amekatwa vipande, kila kipande mkononi mwa mtu anayetembea njia yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyebeba neno lake zima. Nikajua tumefanya tena kile kile. Mama alitugawa ili tupone, na Amani akafa. Sisi tumeigawa sauti yake ili ipone. Nilijaribu kusali, maneno yakakauka. Nilisema tu, "Baba, umechoka na sisi?" Sikujibiwa, ndugu zangu. Nasema wazi, sikujibiwa!

Yaya alinipigia simu. Alisema amefunga begi. Atangoja nirudi ili aniage, basi.

Kisha asubuhi moja pikipiki ya kabaza, bodaboda ya huku, ikasimama mbele ya duka, na nyuma yake Mama Riziki, mweupe tangu mikono hadi kope.

"We Mama! Wapi diski?" Nilipiga kelele hata kabla hajashuka.

"Iko mu bunga."

"Mu bunga?"

"Tena mu bunga ya sembe! Polisi balisimamisha gari, mi kibali yangu ya kutoka kambi ilishakwisha, nikarudia mu muji ya Dowa kwa ndugu mu kanisa. Nikaogopa, nikazima simu. Nikaizika mu mufuko ya bunga, chini kabisa. Asubui naamuka, mutoto wa nyumba ameshauzisha mufuko!" Alijipiga paji la uso, vumbi la unga likaruka. "Nilikimbilia ule mufuko mu soko muzima ya Dowa. Mama mwenye kuununua alikuwa anataka kupika nsima, ile ugali yabo, na diski yenu!"

Bwana Chisomo aliipokea diski kwa mikono miwili, akaigeuza, unga ukamwagika mezani kwake. "Zikomo, amayi," akamshukuru kwa adabu. Kisha akanigeukia. "Nimeona diski za maji, za moto, za sisimizi. Ya nsima ndiyo kwanza."

Aliifuta kwa brashi laini muda mrefu, akiangalia unga usiingie kwenye kitundu chake cha hewa. Akaiunganisha. Ikazunguka.

Kazi iliyobaki ilikuwa ile diski mgonjwa. Hakuthubutu kujenga chochote juu yake. Aliinakili kwanza kwenye diski mpya, kidogo kidogo, akianza na sehemu zilizosomeka, akiiacha ipoe, akirudia zilizokataa. Mpangilio tuliouharibu aliutafuta kwa alama zilizomo ndani ya diski zenyewe. "Usishangilie," aliniambia kila nilipoinua kichwa. "Ina madoa. Madoa mengine hayatasomeka kamwe."

Folda zilipotokea kwenye kioo, zilikuja kimya kimya, moja baada ya nyingine. Kwaya ya kina mama. Pasaka. Misiba. Na ile iliyofungwa, yenye jina la Mama yangu.

Bwana Chisomo aliufungua wimbo mmoja wa kwaya, ukaimba hadi mwisho. Akaufungua mwingine, ukakatika katikati. Akapeleka mkono kwenye wasia.

"Hapana," nikasema. "Huo usiuguse."

"Nitajuaje kama ni mzima?"

"Hutajua. Hata mimi sitajua. Wa kwanza kuusikia ni kaka yangu."

Akaunakili bila kuusikiliza, kwenye flashi tatu. "Hizi sasa mnaweza kugawana," akasema. "Kila moja ina yote."

Nilisafiri kurudi bila kujua nilikuwa nimebeba sauti ya Mama au ukimya mtupu. Nilimkuta Yaya amekaa juu ya begi lake. Sikumwambia habari za madoa. Nilimpa flashi, Papa Etienne akamwombea, akaingia chumba cha sauti, akafunga mlango. Sisi tukakaa nje ukutani.

Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Kwa desturi, akishasikia mtoto wa kwanza, anaweza kusema. Akasema.

"Ananisalimu. Anataja jina yangu yote, na ya baba. Kisha anasema, 'Asukulu, juu ya Amani...'" Akaigeuza flashi mkononi. "Halafu hakuna kitu. Kimya. Kimya murefu. Nimerudia, nimerudia. Kimya tu. Kisha sauti inarudia, anasema, 'Njoo basi. Ukae na dada yako. Mufunge matanga.' Imeisha."

Doa lilikuwa limeangukia pale. Ndugu zangu, pale pale! Nilimpigia Bwana Chisomo. Alirudia sehemu ile mara nyingi, na mwisho akaniambia kwa sauti ya mtu mwenye huzuni kwamba diski ile imenyamaza kabisa, haitasema tena.

Basi, sikuja kuwaambia kwamba Bwana alirudisha vyote. Hakurudisha. Neno ambalo kaka yangu alivuka nchi kulisikia limepotea, na hakuna mtu chini ya jua anayelijua. Siku ile Yaya alilia mbele yetu kama mtoto. Papa Etienne peke yake ndiye aliyemwendea, akamwinua, akasema, "Mutu mwenye amekukatala hakutumi kazi. Mama amekutuma. Fanya." Yaya akaenda kaburini kwa mara ya kwanza, na jioni tukafunga matanga kama Mama alivyoagiza.

Begi lake bado halijafunguliwa lote. Usiku mwingine namsikia akisema jina la Amani. Lakini yupo. Amekaa na mimi, kama alivyoambiwa. Kwa hilo namshukuru Mungu kwa moyo wangu wote! Nilimwomba neno zima, akanipa nusu ya neno na kaka yangu, na kwa imani ndogo niliyo nayo nimesimama hapa.

Kama kuna mmoja wenu anayengoja jibu ambalo pengine halitakuja, usingoje peke yako. Njoo. Mtegemee Bwana hata kwa ile sehemu iliyo kimya. Mimi najifunza bado, na si rahisi. Yaya wangu ameketi benchi la nyuma, karibu na mlango, na hakujua kama nitamtaja. Mkitoka, mpeni mkono. Mungu apewe sifa, leo na siku zile ngumu pia!