Sentensi Niliyoitoa Ukurasa wa Tatu

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yule asiyehitaji katibu wa kumwandikia tunayoyasema. Mchungaji amenipa dakika kumi. Mzee wa kanisa, hiyo saa yako naomba uifunike na kitambaa, maana habari hii nimekaa nayo muda mrefu na haitatoka kwa dakika kumi. Na wale mnaopenda shuhuda za vigelegele, leo mtaondoka na njaa. Dada aliyenitangulia ameponywa mgongo, tumeshangilia pamoja naye. Wangu mimi si mgongo. Ni mkono, huu wa kulia, na haukuwa na ugonjwa wowote.

Sitataja jina la mtu wala la chuo. Anayetaka kukisia akisie, lakini akisie kimyakimya.

Kazi yangu, wengi mnajua, ilikuwa ukatibu. Nilisomea uhazili enzi zile mtu akikosea hatimkato anasimamishwa mbele ya darasa hadi kengele ilie. Hatimkato, kwa nyie vijana msioijua, ni yale maandishi ya mikwaju na vinukta, ya kumfuata msemaji kwa kasi yake. Asiyesomea akiyaona anadhani mtoto alikuwa anachezea kalamu. Mimi nilikuwa mkali wa hayo mambo. Nikaajiriwa chuo kimoja cha binafsi hapa mkoani, nikawa katibu wa mkuu wa chuo na mwandishi wa vikao vyake vyote. Kiburi nilikuwa nacho, sikatai. Mtu akikohoa kikaoni, ninacho kwenye daftari.

Sasa, mwaka ule mvua zilitutupa, hamjasahau. Mtama ulikaukia shambani, alizeti ndiyo usiseme. Wazazi wa wanafunzi wetu wengi ni wakulima, wa Bahi, wa Kondoa, wa Chemba huko, na ada ikabaki haijalipwa. Zikiwa zimebaki wiki mbili wafanye mtihani wa mwisho, kikaitishwa kikao. Ajenda ilikuwa moja tu: wanafunzi wanaodaiwa ada.

Mhasibu akasoma majina. Mkuu wa chuo, ambaye ndiye mwenyekiti, akasema asiyemaliza ada haingii kwenye mtihani. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa, kama ilivyo kawaida yetu mbele ya wakubwa. Mwalimu mmoja tu, Mrangi, mtu wa maneno machache, akanyosha mkono.

"Mwenyekiti," akasema, "wapo wazazi walioleta barua zenye muhuri wa mtendaji wa kijiji. Wameahidi kumaliza wakivuna. Barua hizo tumezipokea wenyewe, tukazigonga muhuri wa chuo. Kama tunawafukuza watoto wao, tulizipokea za nini?"

Wakabishana weee, mpaka harufu ya pilau ikaanza kuingia ukumbini. Mwishowe mkuu akachoka. Akasema, "Haya, wenye barua wafanye mtihani. Katibu, andika hivyo tumalize, chakula kinapoa." Nikaandika. Hata hilo la chakula kupoa nililiandika.

Kesho yake nikampelekea rasimu ya muhtasari. Akaisoma na kalamu nyekundu mkononi. Ukurasa wa kwanza sawa, wa pili sawa. Ukurasa wa tatu akapiga mstari juu ya sentensi moja, ile iliyosema kikao kiliazimia wanafunzi ambao wazazi wao wamewasilisha barua za ahadi waruhusiwe kufanya mtihani. Akanirudishia karatasi.

"Mkuu, hili lilipitishwa," nikamwambia.

"Mama, muhtasari siyo redio. Hautangazi kila kilichosemwa."

"Lakini hili ni azimio, mkuu."

"Wazazi wakijua barua inatosha, nani ataleta hela? Toa."

Kisha akavuta faili jingine, taratibu, akaliweka juu ya meza ili nilione. Ulikuwa mkataba wangu wa kazi, uliobakiza miezi miwili. 

Ndugu zangu, nawaambia ukweli wote. Sikulia. Sikuomba siku moja ya kufikiri. Nilirudi kwenye meza yangu, nikaifuta ile sentensi, nikapanga namba upya ili pengo lisionekane, nikachapa nakala safi. Nilipomaliza, chai niliyokuwa nimeiacha ilikuwa bado ya moto, nikainywa.

Siku ya mtihani nikapangwa mlangoni, na orodha ya wadaiwa mkono huu, muhtasari mkono huu. Akaja mzee mmoja, Msandawe, ametoka Chemba tangu jana yake kumsindikiza binti yake. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia, "Marahaba mwanangu." Mtu mpole, Kiswahili chake cha kutafuta neno mojamoja.

"Mimi barua yangu ipo kwenu," akasema. "Mwalimu alinipigia simu. Alisema kikao kimekubali. Angalia karatasi yako vizuri, mwanangu."

Nikaangalia. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari, mimi niliyeichapa! Nikafunua ukurasa wa tatu, nikatulia hapo kidogo kama mtu anayetafuta. Halafu nikamwambia, "Baba, humu haimo."

Na kweli haikuwemo. Mnaona nilivyokuwa hodari? Sikusema uongo hata neno moja.

Yule mzee akamgeukia binti yake, wakasemezana kwa lugha yao ile ya kugonga ulimi. Siijui hata neno, lakini uso wa yule binti niliuelewa. Kisha mzee akasema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, "Basi mwalimu ndiye amenidanganya. Karatasi haina sababu ya kunidanganya." Akanishukuru. Alinishukuru, jamani! Wakaondoka na mfuko wao wa nailoni wenye kalamu mbili mpya ndani. Siku ile tuliwarudisha wengi. Huyo ndiye aliyenishukuru.

Mnadhani nilikomea hapo? Kikao kilichofuata kilianza kama vinavyoanza vyote, kwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Mnajua inavyokuwa: ukurasa wa kwanza, kimya, wa pili, kimya, watu wanafunua tu bila kusoma. Ukurasa wa tatu yule mwalimu akanyosha mkono. "Mwenyekiti, azimio la barua halimo." Mkuu hata hakumtazama. Akanitazama mimi. "Katibu, wewe ndiye uliyekuwa unaandika. Kulikuwa na azimio kama hilo?"

Ukumbi wote ukanigeukia. Wote walikuwepo, wote walisikia, na wote walikuwa wananisubiri mimi niseme ili wao wasiseme. Nikasema, "Sikumbuki." Mimi, niliyeandika mpaka chakula kupoa!

Yule mwalimu akaiweka karatasi yake mezani, akakaa. Wazazi walikuwa wanamwita mwongo, na sasa wenzake nao wakamwona mchochezi. Muhula ule ule akanyimwa vipindi, akaondoka. Muhtasari ukathibitishwa na kutiwa saini, na mkataba wangu ukaongezwa.

Kilichofuata mnaweza kukihisi. Wazazi walilalamika mpaka kwenye bodi ya chuo. Bodi ikamuuliza mkuu, na mkuu akajibu kwamba katibu wake alikosea kuandika. Nikasimamishwa kazi. Nilimfunika mtu, yeye akanivua. Nikakaa nyumbani miezi mitatu na hasira, presha juu, usingizi hakuna, kila anayepita mlangoni namsimulia jinsi nilivyoonewa. Hasira yote ilikuwa kwa mkuu. Mzee wa Chemba sikumtaja kwa mtu yeyote.

Nikakumbuka nina daftari langu la hatimkato. Nikasema, hapa nampata! Nikapanga safari ya kwenda Chamwino kwa bibi mmoja mstaafu, ndiye aliyenifundisha uhazili, ili aje mbele ya bodi alisome na kuthibitisha kwamba mkuu mwenyewe alikubali zile barua. Bibi akavaa miwani, akalisoma daftari lote kwa sauti kama anavyosoma gazeti. Alipofika kwenye chakula kinapoa akacheka. Kisha akasema, "Nipe na uliyoichapa."

Nikampa. Akaziweka zote mbili mkekani, daftari huku, karatasi huku. Hakucheka tena.

"Mwanangu, kalamu nyekundu alishika mkuu wako. Mashine ya kuchapa alishika nani?"

"Alinitisha na mkataba, bibi."

"Sikukuuliza alikutisha na nini."

Nikalia pale pale. Nisiwadanganye, hayakuwa machozi ya toba, yalikuwa ya hasira. Nilikuwa nimemfuata anitetee. Toba ilikuja njiani wakati wa kurudi. Nilijaribu kumlaani mkuu kama nilivyozoea, na kila nikianza, ninamwona yule mzee ananishukuru.

Siku ya bodi bibi alikuja, na mkongojo wake. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa mtego mkubwa kuliko vitisho vya mkuu. Akaniambia, "Mama, sema tu ulipitiwa. Tutakupa barua ya onyo, urudi kazini, yaishe." Mkuu alikuwa amekaa pembeni, ananitazama kama mtu aliyekwisha kusikia jibu. Neno moja tu, ndugu zangu. Ningesema "nilipitiwa," leo ningekuwa na mshahara.

Nikafungua daftari, nikasoma kikao chote, bibi akinifuata kwa kidole. Nilipomaliza nikasema, "Sikupitiwa. Niliitoa mwenyewe, nikijua. Mzee aliponiuliza mlangoni, nilijifanya natafuta. Nilipoulizwa kikaoni, nilisema sikumbuki. Nakumbuka."

Mnasubiri kusikia mkuu alifukuzwa? Mkuu alipewa onyo. Yupo mpaka leo, na gari kabadilisha. Mimi ndiye niliyefukuzwa, kwa kosa la kughushi nyaraka, na kosa hilo nililifanya. Watu husema ukweli humweka mtu huru. Mimi uliniweka huru hata na mshahara. Lakini bodi iliamua wote wenye barua warudi wafanye mtihani, na hilo liliandikwa, nikaomba nisomewe kabla sijatoka nje.

Sasa niko Mtumba, kwenye kibanda cha steshenari, nachapia watu barua za maombi ya kazi na kutoa kopi. Nakula kwa jasho langu. Presha imeshuka.

Wanafunzi walirudi, ila mmoja, yule wa Chemba. Nikauliza, nikaambiwa kwao hakuna anayetaka kusikia habari za chuo. Nikapanda basi nikaenda. Nikamkuta mzee, nikamwamkia, nikamweleza yote, kwamba mwalimu hakumdanganya. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hayo ya mdomo nimesikia. Andika." Nikaandika kwenye karatasi ya daftari la shule, akamwita binti yake asome kwa sauti. Binti akasoma: azimio lilikuwepo, aliyelitoa ni mimi. Akaikunja karatasi, akaniuliza swali moja tu.

"Mama, wakati unaitoa, jina langu ulikuwa unalijua?"

Nikamjibu ndiyo. Orodha nilichapa mwenyewe. Akaingia ndani, na sikunywa maji ya nyumba ile.

Nimshukuru bibi wa Chamwino, aliyekataa kunihurumia. Nimshukuru yule mwalimu Mrangi. Nilimpigia simu kumwomba radhi, akasema, "Nimesikia, mama," akakata, nikajua nimestahili. Lakini siku ya pili akapiga yeye, anaomba namba ya mzee wa Chemba. Alimfuatilia yule binti miezi kadhaa mpaka akakubali kujiandikisha upya. Mimi nisingeweza, kwangu mimi asingepokea hata kalamu.

Na fundisho langu ni dogo. Kila mmoja humu yuko kwenye kikundi, kwaya, kamati ya shule, kamati ya mazishi. Muhtasari ukisomwa, msifunue kurasa tu. Someni. Na mkiona lililosemwa halimo, msimwachie mtu mmoja anyoshe mkono peke yake, maana siku ile ukumbi mzima ulisikia na mimi nilitegemea kimya chao.

Limebaki moja, nalo ni lenu. Niliposimamishwa kazi, nilikuja mbele ya madhabahu hii nikawaambia naonewa, niombeeni. Mkaniamini. Mkafunga siku tatu, na wengine wenu mna vidonda vya tumbo. Mlifunga kwa ajili ya mtu aliyekuwa anawaficha. Naomba mnisamehe, na asiyeweza leo asijilazimishe.

Yule binti anaingia kwenye mtihani kesho saa tatu asubuhi. Amesema anarudi kwa ajili ya baba yake, siyo kwa ajili yangu, na nimelipokea hivyo. Zile siku tatu za kufunga nilizila mimi. Nawaombeni mumpe yeye asubuhi moja.