Mifuko Iliyoandikwa Jina Langu

Baba Mchungaji, wazee wa ukoo wa Mtui mkiongozwa na baba mdogo Wilbert, majirani zetu wa Magomeni, wafanyabiashara wenzangu wa Kariakoo, na nyinyi wa mikokoteni mliosimama kule nje kwa sababu viti vimekwisha, Bwana asifiwe, asalaam aleikum. Naitwa Joyceline Elisaria Mtui, dada wa marehemu, tumbo moja, na kamati ya mazishi ilinipa karatasi iliyochapwa vizuri niisome, nimeikunja nikaitia kwenye mkoba, si kwamba ina uongo, ila imeruka mambo, na aliyeyaficha hayo mambo ni mimi, kwa hiyo nitasoma hii niliyoandika kwa mkono wangu, naomba mnivumilie.

Marehemu Godbless Elisaria Mtui alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, Mwika, mkoani Kilimanjaro, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Elisaria na Mama Ndeshukurwa, wote sasa marehemu. Wa kwanza ni mimi, nilikuwa na miaka mitano, na nakumbuka siku ile kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, maana walichinjwa mbuzi wawili, wakati mimi nilipozaliwa, kwa kauli ya mama mwenyewe, ulipikwa mtori wa mzazi, basi. Majirani zetu wa Pwani huenda hamjui, kwetu kitinda mimba wa kiume ndiye anayerithi nyumba ya baba pamoja na kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, binti haachiwi hata shina moja, kwa hiyo huyu mtoto kabla hajaota jino alikuwa ameshanishinda.

Alianza darasa la kwanza Januari 1982 hapohapo Mwika, akamaliza la saba mwaka 1988, akachaguliwa kwenda sekondari Moshi mjini, akahitimu kidato cha nne Novemba 1992. Na mimi nilifaulu, jamani, mwaka 1983, jina langu lilibandikwa ubaoni, lakini baba alisema ndizi za mama zinatosha ada ya mtoto mmoja, na huyo mmoja alikuwa bado yuko darasa la pili anajikojolea. Hiyo imerukwa kwenye karatasi ya kamati.

Tarehe 9 Februari 1994 aliteremka Dar es Salaam na begi moja, nikampokea mimi, nikampa kazi ya stoo kwenye duka langu la jumla la mifuko ya rambo, ile ya plastiki, Kariakoo, akafanya kazi vizuri mno, wateja wakaanza kuingia dukani wanauliza yule kaka yuko wapi, nami nimesimama palepale kaunta na hereni zangu. Nilikuwa na roho ya kwa nini, sitaki mtu anipambe. Mwaka 2003 nikamwambia akajitegemee, akaenda kuuza ndizi za Mwika pale Ilala, nikajua sasa atanyooka, kumbe ndiyo nimemfungulia mlango.

Tarehe 6 Julai 2002 alikuwa ameshafunga ndoa takatifu na shemeji yenu Winifrida, huyu hapa, wakajaliwa watoto wawili, Allen aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2004 na Vicky aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 2009, na nyumba yao hii ya kupanga, vyumba viwili, ilikuwa na kicheko mpaka unakisikia uko nje. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika mwaka mmoja kabla ya harusi yao, nilicheza kwaito kwenye sherehe yao huku nimeuma meno.

Sasa nafika kwenye kazi yake yenyewe. Mwaka 2012 Godbless aliona jambo ambalo sisi wote tulikuwa tunalikanyaga kila siku, kwamba lori linashusha ndizi mbichi kutoka mlimani, mji unakula, maganda na mashina ya mikungu na majani ya kabichi yanatupwa kwenye mtaro, mtaro unaziba, masika maji machafu yanaingia madukani, halafu lori lilelile linapanda kurudi Mwika likiwa nusu tupu, na kule juu vihamba vimechoka, mkungu umekuwa mwembamba, mama analalamika kwamba migomba inaanguka kabla ya kuzaa. Alisema, na maneno haya aliyarudia mpaka akatuchosha, kwamba tunaula mlima na hatuurudishii kitu. Akakodi kiwanja hapa Magomeni, karibu na bonde, akakubaliana na akina Hamis wa mikokoteni wamletee taka za sokoni, akazichanganya na samadi ya kuku na pumba za mbao, akafunika kwa turubai, anageuza kwa koleo, miezi mitatu, inatoka mbolea nyeusi inayonukia kama ardhi baada ya mvua. Mwanzoni haikunukia hivyo, nyinyi majirani mnajua, mlikuja na mjumbe mkitaka afukuzwe, na mimi, Mungu anisamehe, niliwaambia wateja wangu kwamba mdogo wangu amesoma mpaka kidato cha nne ili awe mkubwa wa jalala.

Aka, nilicheka peke yangu. Masika ya mwaka uliofuata maji hayakuingia dukani kwangu, mtaro wa nyuma ulikuwa wazi kwa sababu taka zimekuwa mali na kila mtu anazigombania, akina Hamis wakapata mzigo wa kwenda na wa kurudi. Na serikali ilipopiga marufuku mifuko ya rambo, tarehe 1 Juni 2019, stoo yangu yote ikawa uchafu kwa siku moja, nani alikuja kunitoa kwenye kile kiti nilichokuwa nimekaa nalia, ni yeye, akasema niuze mifuko ya salfeti kwa wenye mbolea na mifuko mbadala kwa wenye maduka, akawa mteja wangu wa kwanza, nimesimama mpaka leo. Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nilisema, hata kuniokoa lazima iwe yeye.

Baba mdogo Wilbert, naomba usiondoke, hapa ndipo penyewe.

Mzigo wa kwanza wa mbolea ulipanda Mwika tarehe 22 Februari 2014. Madereva wa ndizi walikuwa wananifahamu mimi, kwa miaka mingi nilikuwa natuma sabuni na sukari kwa mama, na mzigo wenye jina langu waliubeba bure, kwa hiyo Godbless alichukua maki peni akaandika kwenye kila mfuko, JOYCELINE MTUI, MWIKA, ili ufike bila usumbufu. Baada ya miezi michache mama alinipigia simu analia kwa furaha, ananiita mama yake, anasema migomba imesimama na mkungu unabebwa na watu wawili, ananiombea kwa Kichagga dua ambazo nilikuwa nimezisikia akimwombea Godbless tu. Nilitakiwa kusema, mama, si mimi. Nilisema, asante mama. Miaka arobaini na mitano nilikuwa naisubiri ile simu, jamani, nisingeweza kuikata.

Mifuko iliendelea kupanda, ikafika kwa jirani, ikafika mpaka kanisani, mlima ule ukarudi kijani, wachuuzi wakarudi kununua ndizi na kahawa za kwetu, na kila mahali ikaitwa mbolea ya Joyceline. Mama alifariki tarehe 3 Oktoba 2018 akiamini hivyo. Tarehe 27 Desemba 2021, kwenye kikao cha ukoo, wewe baba mdogo ulisimama ukasema binti huyu amefufua vihamba vya baba zake, apewe kipande chake kando ya mfereji wa maji, jambo ambalo halijawahi kufanyika kwa mwanamke wa ukoo wetu, na kipande hicho kikakatwa kwenye kihamba cha Godbless. Alikuwa amekaa mkabala nami. Alijua, alikuwa anajua tangu ile simu ya kwanza, mama alimsimulia mwenyewe, na hakuacha kuandika jina langu hata kwenye mfuko mmoja. Alitia sahihi, akanipa kalamu, akaniambia nipande migomba kabla ya masika. Nilimchukia siku ile kuliko siku zote, maana nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja cha kumzidi, sifa za mama, nikagundua hata hicho kanipa yeye.

Alianza kuumwa tumbo Juni mwaka jana, akagundulika ana saratani ya utumbo tarehe 11 Septemba 2024, akafanyiwa upasuaji Oktoba, akalazwa tena tarehe 20 Januari mwaka huu. Wageni walikuwa wanapanga foleni mpaka kwenye ngazi, nami nikajiuliza, mbele ya mgonjwa wangu, mimi nikilazwa watakuja wangapi. Siku ya Jumapili nilianza kumwambia habari ya mifuko, akanikatiza, akauliza kama lori la Mwika limeshaondoka. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, inawashukuru majirani mliovumilia harufu na baadaye mkaja kuomba kazi, wafanyabiashara wa Kariakoo na Ilala mliofunga maduka leo, na Winifrida, ambaye alijua yote haya na hakunisuta hata kwa jicho. Wa mwisho ninayemshukuru ni Hamis. Jana alinifuata, akasema kuna mifuko iliyobaki kiwanjani na lori la Mwika litafuatana na jeneza, akauliza aandike jina gani. Alikuwa na maki peni ileile. Nilikaa nayo muda mrefu, nawaambia ukweli, nilijaribiwa, kesho Mwika nzima itasimama barabarani kunipokea mimi.

Nimeandika mwenyewe, mfuko kwa mfuko, GODBLESS MTUI, na wino umeshakauka. Udongo mtakaomfukia nao kesho ameutengeneza yeye, kwa maganda ya ndizi mlizokula nyinyi. Baba mdogo, kile kipande nakirudisha mbele ya watu wote hawa. Bado nakitaka, sitajifanya sikitaki, lakini mnipe mkijua, au msinipe.

Nenda, mdogo wangu, umetangulia nyumbani kama ulivyonitangulia kwa kila kitu, safari hii sikuonei wivu, au labda kidogo. Pumzika kwa amani, Godbless, kwa jina lako mwenyewe.