Vumbi la Sufuria na Nyusi za Fanueli

Miaka ile ya ujamaa, kwa Issa muuza kahawa, pembeni mwa soko la Lushoto, palikuwa na benchi moja na mafundi wa dunia nzima. Asubuhi hiyo Fanueli alikaa katikati yao bila nyusi. Kazi yake ilikuwa kung'arisha sufuria za alumini kwa mashine katika karakana ya ushirika, na jana yake moto ulimlipukia usoni. Leo alitakiwa kuiwasha mashine tena.

— Baruti ya mabeberu hiyo, alisema Salimu, waliyemwita Redio. Wameichanganya kwenye alumini ili tushindwe kujitegemea.

— Baruti gani, mghoshi? alisema Sefania, aitwaye Injinia kwa kuwa aliwahi kuziba pancha ya Landrova. Umeme unatoka mitambo ya maji ya Hale, unapanda kona zote za Mombo. Ukifika huku umechoka, una hasira.

— Kilichowaka ni vumbi, alisema Fanueli. Nilifagia mashine ikizunguka, likatimka, ikaruka cheche.

— Vumbi lingekuwa linawaka, barabara ya Soni ingekuwa jivu zamani, alisema Redio.

— La alumini linawaka. Nimeliona.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Injinia. Wewe umeungua nyusi tu, maana yake ulisikia nusu.

— Ashukuriwe aliyemwaga maji, alisema Redio, akijikohoza.

— Maji yako ndiyo yaliyoupandisha moto hadi kwenye bati, alisema Fanueli. Mchanga wa Issa ndio uliouzima.

— Mimi niliokota kilichokuwa karibu, alisema Issa.

Akatokea Zuhura, muuza kabichi, kuulizia sufuria yake.

— Shikamooni. Nimechungulia karakana. Vumbi lililoko juu ya boriti, nani atalitoa?

Redio akakumbuka kuwa maharage yake hayajapaliliwa. Injinia akachungulia kikombe chake. Issa akainamisha birika, halikutoa kitu.

Fanueli akamwomba Zuhura arudi wiki ijayo. Alikwenda karakana, akazima swichi kuu, akafungua madirisha yote, akapanda ngazi na brashi laini, akaanza kulikusanya vumbi polepole, lisitimke. Ngazi ikatulia ghafla. Chini, Injinia alikuwa ameishika kwa mikono miwili, amefumba macho.

— Limebaki jingi?

— Hatujafika nusu.

Injinia hakuiachia ngazi.