Jiwe la Kijani la Dk. Gerishom Dena Tsuma, 1944–1988

Marehemu Dk. Gerishom Dena Tsuma alizaliwa hapa hapa Marafa tarehe 14 Agosti 1944, mtoto wa kwanza wa Mama Jedida Kanze, aliyekuwa mke wa tatu wa marehemu Mzee Tsuma. Alipewa jina la babu yake kama ilivyo desturi yetu, na kwa kuwa mke hamtaji baba mkwe kwa jina, mama yake alimwita Baba tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mama husimulia kwamba mtoto huyo hakuwa mlizi. Alikuwa akitazama tu. Ukimlaza nje alitazama majani, ukimlaza ndani alitazama vumbi likielea katika mwanga wa dirishani, na mama akawa na hofu kidogo, maana mtoto asiyelia hujui mawazo yake yako wapi.

Alianza masomo mwaka 1952 katika shule ya misheni karibu na nyumbani. Miaka mitatu baadaye mjomba wake, Mzee Menza, alimletea kutoka Malindi sumaku iliyong'olewa kwenye redio mbovu, na tangu siku hiyo mbuzi wa nyumba hii walijichunga wenyewe. Dena alikuwa akishuka Nyari, kule ardhi ilikobomoka ikaacha kuta nyekundu, nyeupe na za rangi ya machungwa, akiiburuta ile sumaku mchangani. Chembe nyeusi ziliinuka na kusimama juu yake kama manyoya ya paka aliyeshtuka. Siku moja mama alimfuata na fimbo. Alipomkuta ameduwaa vile, fimbo aliiweka chini akaketi kando yake, wakazitazama pamoja hadi kuta zile zikaanza kuwa za zambarau. Mbuzi walikuwa wamemaliza mihogo ya jirani, na ugomvi wake ulichukua msimu mzima kuisha.

Marehemu alisoma sekondari Mombasa, akajiunga na chuo kikuu Nairobi mwaka 1965, kisha akaenda Uingereza na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1974. Mwaka uliofuata alirudi Nairobi kufundisha fizikia. Utafiti wake ulikuwa wa fuwele, yaani mawe ambayo chembe zake zimejipanga kwa utaratibu mmoja toka ncha hadi ncha. Alizikuza mwenyewe ndani ya vioo vilivyozibwa, katika tanuri la umeme ambalo joto lake lilishushwa kidogo kidogo kwa miezi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha Dena kilichelewa kujaa kuliko vyote tunavyovijua. Ndani ya fuwele hizo mlikuwa na chembe za shaba, kila moja ni kisumaku kidogo, na kila kisumaku hakitaki kuelekea anakoelekea jirani yake. Picha za eksirei zilimwonyesha kwamba vimekaa vitatu vitatu, kama mafiga.

Tarehe 21 Agosti 1976 alimwoa Mueni, muuguzi, binti wa dereva wa malori wa Mariakani. Siku ya kuposa baba mkwe aliuliza, "Kijana anafanya kazi gani?" Mzee Menza akafikiri, akajibu, "Anasubiri mawe yapoe." Mzee wa Mariakani akatikisa kichwa na kusema, "Basi subira anayo. Tuendelee." Walijaliwa watoto wawili, Tsuma na Kanze.

Habari inayofuata inasomwa kwa matakwa ya Mama Jedida mwenyewe.

Desemba 1985 marehemu alikuja Krismasi akiwa na fuwele ya kijani, kubwa kama korosho, aliyoikuza kwa zaidi ya mwaka. Januari alikuwa aipeleke Ulaya, kwenye mtambo unaoweza kuchungulia visumaku ndani ya jiwe huku jiwe lenyewe limepozwa kwa baridi isiyojulikana popote duniani. Foleni ya mtambo huo ni ndefu, na zamu yake ilikuwa imefika. Ili isikwaruzike aliifunga kwa pamba, na juu ya pamba kitambaa chekundu kilichobaki katika ushonaji wa Mueni, akaitia mfukoni mwa shati. Mama alipochukua shati kulifua, akaiona.

Kijiwe, pamba, kitambaa chekundu, na mwana anakonda. Kwa mtu wa Marafa hilo halihitaji mkalimani. Mama alijua mwanawe amekwenda kwa mganga, ama mganga ametumwa kwake. Alimwita jirani yake Dorcas na akina mama wa kanisa, wakaenda wakiimba hadi ukingo wa Nyari, na kwa mkono wake mwenyewe akakitupa kule chini.

Marehemu aliporudi kutoka Malindi jioni ile aliuliza, "Mama, kile kijiwe changu ki wapi?"

"Kimerudi kilikotoka, Baba. Jina la Yesu lina nguvu."

Aliketi kizingitini. Tulitafuta, ukoo mzima, tukiinama katika mchanga ule, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Hakumgombeza mama. Alimweleza tu.

"Mama, nyumba ya baba ilikuwa na wake watatu. Wawili wakinuniana, huyu atatazama mashariki, yule magharibi. Wa tatu atatazama wapi?"

"Atazunguka," mama akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa wa tatu, nilikuwa situlii."

"Basi ndani ya jiwe mna visumaku vitatu vitatu, ni hivyo hivyo. Wenzangu wanasema, jiwe likipozwa vya kutosha, hata wa tatu atachoka akubali mahali. Mimi nasema hatakubali. Kile kijiwe ndicho kingetuambia."

Hapo ndipo mama alipofahamu alichokitupa. Alilia, na marehemu akamshika mkono akamwambia atakuza kingine.

Alikikuza, na katika kukikuza ugonjwa ukajitokeza. Machi 1987 madaktari walisema ni saratani ya damu. Fuwele ya pili ilikamilika ikiwa yeye hana tena nguvu ya kusafiri, na zamu mpya katika foleni haikupatikana hadi Septemba mwaka huu, ndipo mwenzake, Dk. Laban Njoroge, akaipeleka. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, naye akarudi Marafa. Siku zake za mwisho alilala karibu na dirisha, akisinzia na kuamka, na kila alipoamka aliuliza kama kuna habari. Mama alikuwa akijibu, "Bado, Baba. Ngoja kidogo." Kisha alitoka uani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu alikuwa na wa ziada, maana alijua kwamba bila mkono wake habari hiyo ingefika zamani, mwanawe akiwa mzima.

Marehemu alifariki hospitalini Malindi, alikokimbizwa hali ilipozidi, Jumanne tarehe 11 Oktoba 1988, saa tatu asubuhi. Habari haikuwa imefika.

Jana Ijumaa, jeneza limekwisha kuletwa nyumbani na watu wameketi mikekani, Dk. Njoroge alishuka garini akitabasamu. Alikuwa safarini siku zote hizi, hakuna aliyeweza kumpata. Hakutaka kupiga simu kwa sababu alitaka kuuona uso wa rafiki yake atakapomwambia. Alipoliona jeneza alisimama pale pale mlangoni mwa gari. Mama Jedida ndiye aliyemwendea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vimetulia?"

"Havikutulia, mama. Tulipoza mpaka mtambo ukashindwa kushuka zaidi. Vilikuwa bado vinazunguka. Yeye ndiye aliyesema kweli."

Wakati huo Mchungaji Masha alikuwa amesimama kuongoza sala ya jioni ya kumtakia marehemu pumziko. Mama alimwinulia mkono.

"Ngoja, mchungaji. Msimwambie apumzike. Hajaambiwa."

Mama aliinama kwenye jeneza upande wa kichwa, akazungumza na mwanawe Kigiriama kwa sauti ya chini, taratibu, kama anayemwamsha mtoto wa shule. Waliokuwa karibu walimsikia akimwomba msamaha, na baada ya msamaha wakamsikia akimpa habari yote, toka mwanzo, bila kuruka neno. Alipomaliza alijifuta uso kwa leso, akamgeukia mchungaji na kumwambia aendelee.

Marehemu ameacha mama yake, Jedida Kanze, mkewe, Mueni, watoto wake, Tsuma na Kanze, mdogo wake, Charo, mjomba wake, Mzee Menza, wanafunzi wake wengi, na rafiki yake Dk. Laban Njoroge.

Ameambiwa. Sasa apumzike kwa amani.